Muulize Mama wa Labo: Herufi za hemoglobini na mwanamke aliyezipanga

Mwezi huu barua tatu zinazunguka jambo moja, na ya nne imekuja kunigombeza. Binti wa Bagira nimempa nafasi kubwa kuliko wengine wote, kwa sababu ameniuliza kitu ninachopenda kusimulia. Wenye barua fupi wanivumilie.

SWALI: Mama wa Labo, jambo sana. Nasoma kemia hapa Bukavu, naishi Bagira. Kwenye staji mwalimu alituonyesha ukurasa wa herufi tupu, MVHLTPEEKSAV na kuendelea, akasema hiyo ndiyo hemoglobini. Hakutueleza herufi zimetoka wapi. Mwenzangu wa benchi anasema zilipangwa na mwanamke mmoja wa Marekani. Ni kweli? Halafu kuna baba mdogo, yeye ndiye analipa masomo yangu. Anasema kompyuta na udaktari ni njia mbili, nichague moja kabla mwaka haujaisha. Nimjibu nini? (Binti wa Bagira)

JIBU: Binti yangu, mwenzako wa benchi anasema kweli. Aliitwa Margaret Oakley Dayhoff. Alizaliwa Philadelphia tarehe 11 Machi 1925, mtoto wa pekee, na mama yake alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari. Naye akaanza na hesabu, New York University, akamaliza mwaka 1945. Kisha akahamia kemia, Columbia University, na mwaka 1948 akapata shahada ya udaktari.

Hapa umsomee baba mdogo kwa sauti. Utafiti wa udaktari ule ulikuwa wa kukokotoa nishati ya molekuli za kaboni zenye pete nyingi, hesabu ndefu za kumchosha mtu mwenye kalamu. Dayhoff alizipitisha kwenye mashine za kadi za matundu, kadi za karatasi zilizotobolewa ili mashine isome, mashine ambazo wafanyabiashara walizitumia kwa mahesabu ya bidhaa na mishahara. Kwa hiyo kemia na mashine viliingia katika kitabu kimoja tangu alipokuwa na miaka ishirini na kitu.

Mwaka huohuo wa 1948 aliolewa na mwanafizikia, Edward Dayhoff, wakapata mabinti wawili. Alifanya utafiti Rockefeller Institute mpaka 1951, familia ikahamia Maryland, akalea, na mwaka 1957 akarudi kwenye utafiti, University of Maryland. (Ninyi mnaoniandikia kwamba mmeshazaa na kwa hiyo masomo yamekufa, rudieni mstari huo.)

Mwaka 1960 akaingia National Biomedical Research Foundation, taasisi isiyo kubwa, jirani na Washington, akiwa naibu mkurugenzi. Mwanzilishi wake, Robert Ledley, alikuwa amesomea meno. Ndiyo, meno, halafu akaongeza fizikia juu yake. Mwaka 1959 Ledley na Lee Lusted walikuwa wameandika katika jarida la Science jinsi hesabu za mantiki na uwezekano zinavyoweza kumsaidia daktari kufikia jina la ugonjwa. Mwaka 1973 Ledley huyuhuyu akatoa skana ya mwili mzima, ambayo kompyuta yake inaunganisha picha nyingi za eksirei kuwa kipande kimoja cha mwili. Kabla ya hapo mashine za namna hiyo zilipima kichwa tu. Basi umuulize baba mdogo, kwa heshima yote: mgonjwa akitumwa kupigwa skana, ametumwa njia ipi kati ya zile mbili?

Sasa tuje kwenye herufi zako. Hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ni protini. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na zile za kawaida ni 20; kila herufi uliyoiona ni moja yao. Wa kwanza kusoma mnyororo wa protini mpaka mwisho alikuwa Frederick Sanger wa Cambridge. Alichukua insulini, yenye asidi amino 51, na kazi ikamla karibu miaka kumi mpaka 1955. Protini ilisomwa kwa kukatwakatwa. Unaikata kwa kitu kimoja, unasoma vipande. Unachukua nyingine ileile, unaikata kwa kitu kingine kinachokata mahali tofauti, unasoma tena. Halafu unatafuta vipande vinavyopandana. Chukua nakala mbili za barua moja, uwape watoto wawili kila mmoja achane yake, kisha ukae chini ujaribu kuisoma barua kwa kulinganisha mabaki. Ikiwa ya mistari mitatu utaweza. Ikiwa na alama mia na zaidi, usiku utaisha.

Mwaka 1962 Dayhoff na Ledley walieleza programu ya kufanya kazi hiyo, COMPROTEIN, iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya Fortran kwa ajili ya kompyuta ya IBM 7090. Mwanakemia alete vipande, mashine itafute vinavyopandana. Leo wanaosoma jenomu nzima, yaani maandishi yote ya urithi ya kiumbe, bado wanafanya kitu hichohicho, ila vipande vyao ni mamilioni.

Wakati huo kila asidi amino iliandikwa kwa herufi tatu: Val, His, Leu. Na kadi ya matundu ilikuwa na safu 80, alama moja kila safu, basi. Piga hesabu. Mnyororo wa beta wa hemoglobini una asidi amino 146. Kwa herufi tatu ni alama 438, yaani kadi 6. Kwa herufi moja ni kadi 2. Uchumi wa kadi ndio uliozaa herufi zinazokusumbua! Dayhoff akazigawa. Valini, histidini, serini na wengine wasiokuwa na mshindani walichukua herufi zao za mwanzo. Wenye kugombania herufi moja, ikaenda kwa anayeonekana mara nyingi: A kwa alanini, L kwa leusini. Fenilalanini ikapata F kwa sauti yake. Triptofani, molekuli nene kuliko zote, ikapata W, herufi nene. Lisini ikapewa K, kwa sababu tu K inakaa jirani na L. Mwaka 1968 kamati ya kimataifa ya majina ya biokemia iliupokea mpango huo, na tangu hapo wanafunzi wangu wanaulaani kila kipindi cha mitihani.

Lakini mimi ninayempenda zaidi ni Dayhoff wa mwaka 1965. Mwaka huo yeye, Richard Eck na wenzao walichapa kitabu, Atlas of Protein Sequence and Structure, kilichokusanya mahali pamoja minyororo ya protini iliyokwisha kusomwa. Zilikuwa protini 65. Kuna wanasayansi waliomdharau kwa hilo: kukusanya majibu ya wengine, huo ni utafiti gani? Nami dharau hiyo naijua. Nimekaa labo za Bukavu tangu ujana wangu, na yule anayechungulia darubini anaitwa mtaalamu, yule anayejaza rejista anaitwa karani. Siku daktari anapotaka kujua kama malaria ya Kadutu imezidi ile ya mwaka jana msimu huuhuu, anamkimbilia karani. Darubini haikumbuki mtu.

Na tazama rejista ilimpa nini. Mwaka 1966 yeye na Eck waliitazama ferredoksini, protini fupi inayopatikana kwa bakteria na mimea, wakaona nusu yake ya pili inaifuata ya kwanza: wakaeleza kwamba mnyororo mfupi wa zamani ulijirudia mara mbili. Mwaka huohuo wakaitumia kompyuta kuchora mti wa ukoo wa protini, nani alizaa nani, kwa kutafuta mti unaohitaji mabadiliko machache. Kufikia 1978 yeye na wenzake walikuwa wamehesabu mabadiliko 1,572 katika makundi 71 ya protini za ukoo mmoja, kuona ni asidi amino ipi hubadilishana na ipi bila protini kuharibika. Jedwali lililotoka hapo linaitwa PAM. Isoleusini kugeuka valini kunapewa alama ya juu, maana hutokea mara kwa mara. Triptofani haiguswi ovyo. Programu za kulinganisha protini unazozisikia leo zimekua juu ya wazo hilo.

Kati ya hayo yote alipata nafasi ya kukokotoa, pamoja na Carl Sagan, gesi zinazoweza kukaa katika anga za sayari. Sijui alilala saa ngapi.

Mwaka 1980 ndipo mtandao ulipoingia. Taasisi yake ilifungua hifadhidata yao ya minyororo kwa simu: mtafiti aliye mbali anaunganisha mashine yake kwenye waya wa simu, anauliza, anajibiwa. Kabla ya hapo walikuwa wakituma vitabu na mikanda ya sumaku. Ilikuwa hifadhidata ya kwanza ya aina hiyo kuulizwa kutoka mbali. Mwaka huohuo akawa rais wa Biophysical Society, chama ambacho yeye ndiye mwanamke wa kwanza kushika uongozi wake.

Kuna doa, na sitalificha. Watafiti walimpelekea minyororo yao bure, na taasisi ikauza kitabu na mikanda na kushika haki miliki, ili ilipe gharama za kukusanya. Wengi walikasirika. Serikali ya Marekani ilipotafuta mahali pa kuweka hifadhidata ya taifa ya jeni, GenBank, mwaka 1982 kazi ikapewa Los Alamos, walioahidi kwamba takwimu zitakuwa wazi bila haki miliki na zitatolewa pia kupitia ARPANET, mtandao uliolipiwa na wizara ya ulinzi. Kwangu mimi, waliochagua uwazi walichagua vema. Bila huo, wewe na mimi hapa Bukavu tungekuwa tunaomba ruhusa na kulipa dola. Lakini waliosema kukusanya hakuna gharama hawajawahi kukusanya.

Alikufa tarehe 5 Februari 1983, kwa moyo, akiwa na miaka 57. Siku chache kabla alikuwa ametuma ombi la fedha ili ajenge hifadhidata ya protini ya kudumu. Wenzake wakaianzisha mwaka 1984. Mwaka 2002 ikaungana na ile ya Waswisi na Wazungu wengine wa Ulaya kuwa UniProt, na ukurasa aliokuonyesha mwalimu wako bila shaka umetoka huko. Binti yake Ruth akawa daktari, akajenga mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi picha za wagonjwa kwa hospitali za maveterani wa Marekani. Huyo naye mpeleke kwa baba mdogo.

Kuhusu masomo yako mwenyewe: usiiache kemia. Ongeza takwimu mwaka huu, na lugha moja ya programu, Python inatosha. Anayejua kompyuta bila kujua kwa nini valini inaogopa maji atapata majibu mengi asiyoweza kuyatilia shaka.

SWALI: Mama, jambo. Mtoto wetu wa pili amepatikana SS. Kijana wa jirani anayesoma ananiambia ni herufi moja tu iliyokosewa katika damu yake. Kama kompyuta inaijua herufi yenyewe, wanangoja nini kuirekebisha? (Papa wa Panzi)

JIBU: Papa, pole sana wewe na mama yake. Kijana yuko sawa. Hemoglobini ya beta inaanza V-H-L-T-P-E. Kwa mwenye ugonjwa huu, drepanositozi au selimundu kama wengine wanavyouita, ile E ya sita imekuwa V. Aliyegundua hilo ni Vernon Ingram, Cambridge, miaka ya 1956 na 1957. (Kijana akitazama UniProt ataona imeandikwa ya saba. Asibishane nawe: wao wanahesabu pia M ya mwanzo, ambayo mwili huikata.) E inapenda maji, V inayakimbia. Hemoglobini ikishaachilia oksijeni, ile V inajibandika kwa hemoglobini ya jirani, zinajipanga kuwa nyuzi, na seli ya damu inapinda. Katika jedwali la PAM nililolitaja hapo juu, E kuwa V ina alama ya chini ya sifuri, −2. Kompyuta inaweza kukuambia badiliko hilo si la kawaida. Kuingia kwenye uboho wa mtoto ni kazi nyingine.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani zilikubali tiba inayohariri jeni, Casgevy. Hata hiyo hairudishi ile E. Inakata swichi nyingine, ili mwili uanze tena kutengeneza hemoglobini ya kitoto, ile ya tumboni. Bei yake Marekani inapita dola milioni 2 kwa mtu mmoja. Nakuambia ili mtu asije akakuuzia chupa sokoni akisema ndiyo hiyo.

Kinachookoa watoto wa SS hapa kwetu ni vitu vya kawaida vinavyofuatwa bila kuchoka: chandarua na kinga ya malaria, chanjo pamoja na ile ya nimonia, penisilini kwa walio wadogo, maji ya kutosha, homa ipelekwe hospitali siku hiyohiyo. Uliza daktari wake kuhusu dawa ya hidroksiurea. Hiyo inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, usiinunue mwenyewe. Na jambo moja la labo. Kipimo cha Emmel, kile cha tone la damu lililofunikwa kwa kioo, kinaonyesha kwamba seli zinapinda, lakini hakitenganishi AS, mwenye jeni moja ya ugonjwa, na SS, mwenye mbili. Wale watoto wengine wapimwe kwa elektroforezi, kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini. Ikiwa wewe na mama yao nyote ni AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta SS, na ya kwanza kutoka salama haiipunguzii ya pili chochote.

SWALI: Mama, mimi ni msomaji wako wa siku nyingi. Umenijibia kwa simu kwamba mwezi huu unaandika juu ya Mmarekani tena. Congo haina watu? (Mzee wa Ibanda)

JIBU: Mzee, ipo, na wengine wako karibu na nyumba yako. Jean-Jacques Muyembe, aliyechukua damu ya wagonjwa wa Yambuku ili ipimwe mwaka 1976 wakati Ebola haijapata jina, ndiye aliyeiongoza INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba kule Kinshasa, kwa miaka mingi. Na ugonjwa wa mpox ulipoanza kuenea Kamituga, hapa Kivu Kusini, mwaka 2023, Wakongomani pamoja na washirika wao walisoma jenomu za virusi vilivyotoka kwa wagonjwa wa kule kwenye machimbo. Mwaka 2024 wakatangaza kwamba ni tawi jipya, wakaliita Ib. Walijuaje ni jipya? Walichora mti wa ukoo wa virusi. Wakaona pia alama za mabadiliko zinazoachwa na kinga ya mwili wa binadamu, ishara kwamba virusi vinapita mtu kwa mtu, si kutoka porini kila mara. Tarehe 14 Agosti 2024 WHO ikatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Ule mti wa Kamituga babu yake ni mti wa 1966 niliomweleza binti wa Bagira. Siwezi kukueleza mmoja vizuri nikimficha mwingine.

SWALI: Ya Mama, nafanya fotokopi na sibakafe Nyawera. Nina simu na kompyuta moja ya zamani, umeme unakuja unaondoka. Mambo haya ya protini si ya watu wenye mashine kubwa? (Kijana wa Nyawera)

JIBU: Mashine kubwa zinahitajika kwa kazi kubwa. Lakini mnyororo wa protini ni maandishi, na maandishi hayana uzito. Hemoglobini ya beta nzima ni ndogo kuliko ujumbe unaomwandikia mchumba. Sehemu ya UniProt iliyokaguliwa na watu, Swiss-Prot, ina protini zaidi ya 500,000, na faili lake la minyororo likiwa limebanwa halifiki megabaiti 100. Lishushe usiku mara moja, liweke kwenye fleshi, na umeme ukikatika fleshi inakungojea.

Anza na karatasi. Tafuta P68871, ambayo ni beta ya binadamu, na P69905, alfa yake. Chapa zote mbili kwa herufi za upana mmoja, kata mistari, uzilaze moja juu ya nyingine kwa mkono. Acha mapengo mahali pachache ili zipandane. Ukipanga vizuri utapata zaidi ya herufi 60 zinazolingana, na kati yake ziko H mbili zinazokaa upande huu na huu wa chuma kinachobeba oksijeni. Zitafute hizo kwanza, zitakuonyesha pa kushikia. Zungushia kila jozi uliyoipata, kisha karatasi yenyewe uiache kwa mhariri, si picha ya simu, maana picha za simu sioni. Nitaisahihisha kwa biki nyekundu.